Mji wa Kale Hauuzwi kwa Simba

(Maneno niliyoyasema jioni moja Mji wa Kale, Mombasa, mbele ya vijana wachoraji na watembeza wageni. Nimeyaandika vile vile nilivyoyasema, nimepunguza tu pale nilipojirudia sana.)

Assalaam aleikum, na ndugu zangu wengine habari za jioni. Wazee wetu mlioketi huku mbele shikamooni. Nashukuru sana kwa kuitwa, na nashukuru zaidi kuona vijana wengi hivi, wachoraji, madizaina, wapiga picha, wale wanaotembeza wageni pale Forti Jesu, na akina mama nawaona pale mlangoni, sogeeni jamani nafasi ipo.

Mimi nimekuja na karatasi. Naomba vijana wawili waje wanishikie hii, mmoja huku mwengine huku, ikunjueni polepole isije ikachanika. Haya. Hii ni kopi ndogo ya bango la reli la miaka ya 1920, kutoka Uingereza. Mchoraji wake aitwa Fred Taylor, na aliyelipa ni kampuni ya reli ya LNER, ile iliyokuwa ikitoka London ikipanda upande wa mashariki mpaka Scotland. Mwaona nini hapa? Ni ndani ya kanisa kuu la mji wa York. Nguzo za mawe zapanda mpaka shingo yauma kuzifuata, vioo vya rangi, na watu huko chini wadogo kama punje za mchele. Maneno ni machache tu, jina la kanisa, halafu kwamba hapa ndipo hazina ya vioo vya rangi ya Uingereza, basi. Sasa nawauliza, na nyinyi watoto nijibuni kwa sauti, gari la moshi liko wapi?

(Watoto wakajibu: haliko!)

Haliko! Kampuni ya gari la moshi imetoa pesa zake, imemlipa fundi, imechapa, imebandika stesheni hii na ile, na gari lenyewe halimo ndani ya picha. Mimi nilipolitazama mara ya kwanza, nilikuwa nimeenda kumtembelea dada yangu huko akanipeleka York kwenye makumbusho ya taifa ya reli, yale yaliyofunguliwa mwaka 1975, nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kwa sababu mimi nimechora mabango hapa Mombasa miaka ishirini na kitu, na kila mteja aliyewahi kunijia ataka kitu chake ndio kijae, duka lake, basi lake, sura yake, namba ya simu kubwa kuliko ukuta, na mimi nachora maana watoto wala. Na hawa watu zamani hizo walishaelewa kwamba mtu hapandi gari kwa sababu ya gari, apanda kwa sababu ya kule aendako, kwa hivyo mwonyeshe kule aendako, umwonyeshe kitu kimoja tu mpaka akitamani, na kituo cha reli atakitafuta mwenyewe.

Hiyo "kitu kimoja" ndiyo nimekuja kuisema leo. Nyengine zote ni za kuizunguka.

Wasidhani watu kwamba walianza wakijua. Mabango ya reli ya karne ya 19 yalikuwa fujo, yaani karatasi imejaa maandishi kama tangazo la mnada, saa za kuondoka, nauli, vituo, picha ndogo ndogo sita au saba zimebanwa kwenye pembe, mtu asimame nusu saa ndio amalize kusoma na gari limeshaondoka. Halafu mwaka 1908 kampuni moja ya reli, Great Northern, ikamlipa mchoraji John Hassall gini 12, pesa ya zamani ya Uingereza, amchoree bango la Skegness, mji wa pwani wenye upepo wa baridi unaokata. Yule bwana akachora mvuvi mzee mnene, ana kofia, ana buti kubwa, anaruka ufukweni mikono kaitanua kwa furaha, na maneno ya kusema Skegness inachangamsha mno. Yaani ule upepo wa baridi, ambao ndio aibu ya mji, akaufanya ndio sifa! Mpaka leo huyo mvuvi ndiye alama ya Skegness, ana sanamu yake mjini. Na mwasemaje, Hassall mwenyewe alikuwa hajafika Skegness alipochora, ilipita miaka mingi, mpaka 1936, ndio akakanyaga. Hilo mimi silisifu, nitalirudia baadaye, maana yule alikuwa na kipaji cha ajabu lakini sisi tulioko hapa hatuna udhuru wa kuchora tusichokiona.

Sasa mwaka 1923 reli za Uingereza, zilizokuwa kampuni zaidi ya mia, zikaunganishwa kwa sheria zikawa kampuni nne kubwa, LNER ikiwa moja, nyengine LMS, Great Western na Southern. Mbili kati yake, LNER na LMS, zote zaenda Scotland, moja kwa mashariki na moja kwa magharibi, kwa hivyo wanagombania abiria yule yule, na mashindano ndiyo yaliyoleta uzuri. LMS wao wakawaendea wachoraji wakubwa wa chuo cha kifalme cha sanaa, mpango huo aliusimamia Norman Wilkinson, yule yule aliyebuni kupaka meli za vita michoro ya mistari ili adui asijue meli yaelekea wapi, na kila mchoraji akapewa pauni 100 kwa picha. LNER wakafanya vyengine. Mkuu wao wa matangazo William Teasdale mwaka 1926 akafunga mkataba na wachoraji watano, Fred Taylor, Tom Purvis, Frank Newbould, Frank Mason na Austin Cooper, kwamba wasichoree reli nyengine yoyote, na wao akawahakikishia kazi. Hebu fikirini, kijana mchoraji ajua mwaka huu ana kazi na mwaka ujao ana kazi, kichwa chatulia, mkono watulia. Mimi naamini, na hii ni imani yangu ya fundi, nusu ya uzuri mnaouona kwenye mabango yale ni kwamba watu wale walikuwa wamelala usingizi mzuri hawadaiwi kodi ya nyumba.

Na miji yenyewe haikukaa tu ikisubiri. Mara nyingi kampuni ya reli na halmashauri ya mji waligawana gharama za bango. Mwaka 1921 ilipita sheria ya kuruhusu miji ya mapumziko itumie pesa zinazotokana na mambo kama kukodisha viti vya ufukweni kwa ajili ya kujitangaza. Viti vya ufukweni, jamani! Mtu akodi kiti akae aangalie bahari, na ile senti yake yaenda kulipa mchoraji ili mwaka ujao aje jirani yake. Wale wenye viti pale Jomo Kenyatta Bichi, na wale wa madau, mwasikia?

Acha niwaambie namna yalivyochapwa maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Wakati ule hakuna kompyuta. Mchoraji akishamaliza picha yake, yachukuliwa na fundi wa chapa, na huyu fundi hatajwi jina popote lakini ndiye anayeifanya. Zamani walitumia jiwe, jiwe la chokaa laini la kutoka Bavaria huko Ujerumani, baadaye bati la zinki. Juu ya lile jiwe fundi anachora kwa kalamu ya mafuta, kinyumenyume, kulia iwe kushoto, halafu jiwe lalowanishwa maji. Maji yakataa mafuta, na wino wa mafuta wakataa maji, kwa hivyo wino washika pale palipochorwa tu na kwengine kote jiwe labaki safi. Kanuni ni hiyo moja, mafuta na maji havipatani, mama yako jikoni aijua. Lakini kila rangi yataka jiwe lake. Bango la rangi saba ni mawe saba, karatasi ile ile yapita mara saba, na ikisogea kidogo tu, unene wa uzi, basi mdomo wa mtu umetoka nje ya uso. Kwa hivyo mchoraji mwenye akili anahesabu rangi kama mtu anayehesabu nauli. Anajua njano ikipita juu ya buluu atapata kijani bure bila kulipia jiwe. Anajua nyeupe hailipiwi kabisa, nyeupe ni karatasi yenyewe, uiache tu.

Tom Purvis huyo ndiye bingwa wa hilo. Nendeni mkatafute picha zake kwenye simu zenu, sio sasa, tukimaliza. Mwanamke ameketi ufukweni, na hana mstari wowote wa kumzunguka, nguo yake ni doa moja la rangi, mchanga doa moja, kivuli doa moja, na jicho lako lenyewe ndilo linalomalizia. Mwaka 1931 alichora mabango sita ya pwani ya mashariki, kila moja lasimama peke yake, lakini ukiyapanga sita pamoja yaungana yawa pwani moja ndefu. Ukiona pale ubavuni mwa bango la kwanza mchanga umekatika, waenda la pili waukuta unaendelea. Na saizi zilikuwa maalumu, la wima upana inchi 25 na urefu 40, na lile pana la ukutani inchi 50 kwa 40, kila stesheni wajua fremu yake ni ipi. Na mwaka 1929 LNER wakachukua aina moja ya herufi, Gill Sans, ya yule fundi Eric Gill, wakaitumia kila mahali, kwenye mabango, kwenye ratiba, mpaka kwenye jina la gari lao la Flying Scotsman, kwa hivyo mtu akiona tu herufi ajua ni wao hata kabla hajasoma. Sisi kwenye bango moja twaweka herufi aina tano na kila moja yapiga kelele.

Narudi York, maana huu mji wanisaidia kusema ninachotaka kusema.

York ni mji wenye ukuta, ukuta wa mawe wauzunguka mji wa kale, kilomita tatu na zaidi, na watu watembea juu yake mpaka leo. Reli ilipofika, stesheni ya 1841 ilijengwa ndani ya ukuta, ikabidi wautoboe ukuta wa kale ili gari lipite. Fikirini hilo. Baadaye 1877 wakajenga stesheni nyengine nje ya ukuta, ile yenye paa la chuma lililopinda kama upinde wa mvua, nzuri sana kwa kweli. Kwa hivyo reli ile ile iliyotoboa ukuta, baada ya miaka themanini ndiyo ikawa inawaambia watu njooni muone mji wenye ukuta. Mimi sioni unafiki hapo, mimi naona watu waliojifunza thamani ya kitu walichokaribia kukiharibu.

Na kile kioo. Ndani ya kanisa lile upande wa mashariki kuna dirisha kubwa, watu hulifananisha na uwanja wa tenisi kwa ukubwa, lilitengenezwa na fundi John Thornton wa Coventry kati ya 1405 na 1408. Mkataba wake ulikuwa pauni 56, alipewa miaka mitatu na akamaliza ndani ya ile miaka mitatu. Vipande kwa vipande vya kioo, kila kipande kimekatwa, kimepakwa, kimechomwa, kimefungwa kwa madini ya risasi. Nilipanda pale karibu nikaona uso mmoja mdogo, kama kiganja hivi, ni mzee ana ndevu, na kila unywele wa ndevu umekwanguliwa na kitu chembamba kwenye rangi kabla haijachomwa, na huo uso uko juu sana kiasi kwamba kutoka chini hakuna binadamu awezaye kuziona zile nywele. Nilitokwa na machozi, sioni haya kusema. Mtu kafanya kazi ambayo ni Mungu tu ataiona, na baada ya miaka mia tano mwengine akaja akasema hiki ndicho tutakachowaonyesha watu.

Hiyo ndiyo York. Hawakusema York ina hoteli, ina maduka, ina hewa safi, ina chakula kitamu, hata ingawa vyote hivyo vipo. Walisema vioo.

Kuna habari nzito hapa, naomba mnisikilize vizuri. Vita vya pili vya dunia vilipokuja mabango ya safari yalikoma, likaja lile la kumuuliza abiria kama kweli safari yake ina lazima. Na mwaka 1942, kati ya Aprili na Juni, ndege za Ujerumani zikapiga miji ya kale ya Uingereza, Exeter, Bath, Norwich, York, Canterbury, miji ambayo haikuwa na viwanda vingi vya vita. Yakaitwa mashambulizi ya Baedeker, kwa jina la kile kitabu maarufu cha Kijerumani cha kuongoza watalii, kwa sababu miji hiyo ilipigwa kwa uzuri wake. York ilipigwa usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili. Stesheni iliungua, lile paa lililopinda liliungua, na gari la kutoka London kwenda Edinburgh lilikuwa limesimama pale pale. Lakini vioo vya kanisa vilikuwa vimeshushwa mapema, vimefichwa. Watu walijua hazina yao ni ipi. Wakati wa hofu walijua la kushusha kwanza.

Baada ya vita, 1948, reli zote zikawa za serikali, mabango yakaendelea kidogo, halafu magari ya watu binafsi yakaongezeka na miaka ya 1960 vituo vingi vikafungwa. Mji wa St Andrews kule Scotland, mji wa kale wenye chuo kikuu cha tangu 1413 na magofu ya kanisa kuu, ulikuwa na mabango mazuri ya LNER, na reli yake ikafungwa Januari 1969. Leo bango la St Andrews lauzwa mnadani kwa pesa nyingi na huwezi kufika St Andrews kwa treni, lazima ushuke kituo cha jirani uchukue basi. Hiyo naipita, yanisikitisha tu.

Sasa tuje nyumbani.

Naomba picha ya pili. Hii nimeichapa kutoka kwa kopi, sio nzuri sana. Hili ni tangazo la reli yetu wenyewe, Uganda Railway, ile iliyoanza kujengwa hapa Mombasa 1896 ikafika Kisumu Desemba 1901. Tangazo ni la mwanzoni mwa miaka ya 1900, liliwekwa kwa ajili ya watu wa London, na anuani iliyo chini ni ya ofisi ya London, Haymarket. Lasema nini? Lasema nyanda za juu za Afrika Mashariki ya Waingereza kama makao ya majira ya baridi kwa mabwanyenye imekuwa ndio mtindo. Lasema wawindaji waje, lasema mabehewa ya kutazamia yapita katikati ya hifadhi kubwa kuliko zote duniani ya wanyama. Na picha ni hiyo mwaiona, gari limezungukwa na wanyama, kila mnyama yupo. Na lilifanya kazi kweli, maana 1909 Roosevelt, aliyekuwa ndio kwanza ametoka kwenye urais wa Marekani, alishuka hapa Mombasa akapanda lile gari, akaketi kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya kichwa cha treni ili awaone wanyama vizuri.

Na Mombasa iko wapi kwenye bango hilo? Nawauliza tena kama nilivyouliza mwanzo. Gari lipo safari hii. Simba yupo. Mji haupo. Mtu hayupo. Mji aliopita Ibn Battuta mwaka 1331, akalala usiku mmoja, akaandika juu ya misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri na watu wanaoosha miguu kabla ya kuingia, miaka zaidi ya sabini kabla Thornton hajakata kioo chake cha kwanza pale York, mji huo kwenye bango ni mahali pa kushukia meli tu upande gari uende zako bara. Forti Jesu ya 1593 ipo pale inatazama. Trolli za reli ndogo zilikuwa zikisukumwa na vijana wetu hapa mjini, mzungu ameketi chini ya kijipaa, kijana anasukuma kwa jua, mpaka Kilindini. Na bado hakuna aliyeona kitu cha kuchora.

Silaumu mchoraji, yeye alichora alichoambiwa, kama mimi ninavyochora. Nasema tu tuone tofauti. Kwao wenyewe waliuziana madirisha. Great Western walikuwa na bango maarufu la kuwaambia Waingereza ione nchi yako kwanza, wakaweka ramani ya Cornwall kando ya ramani ya Italia kuonyesha kwamba umbo lafanana, kwa nini uende mbali. Walikuwa wakizungumza na watu wao. Bango letu lilizungumza na mtu wa mbali juu ya nchi isiyo na wenyewe. Na ule mtindo, ndugu zangu, haujatutoka.

Nitawapa mfano wa juzi juzi. Alinijia mtu, simtaji jina, ana nyumba ya wageni hapa hapa Mji wa Kale, nyumba nzuri yenye roshani ya mbao iliyochongwa, ile ya kutokeza juu ya njia, ukiitazama kutoka chini waona maua na nyota zimetobolewa kwenye mbao ili upepo upite na wanawake waone njia bila kuonekana. Akataka bango. Nikakaa siku mbili nikamchorea roshani ile, roshani tu, na kivuli chake ukutani, na kibati cha kahawa chini kwenye kona. Akaitazama akaniambia ni nzuri lakini ndovu yuko wapi? Nikamwambia bwana ndovu hapa Ndia Kuu? Akasema wageni wanataka ndovu, weka ndovu, na simba kama nafasi ipo. Nikaweka. Pesa nilipokea. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na ndio sababu nilipoombwa kuzungumza leo nilikubali hapo hapo.

Nani hapa, mkono juu, amezaliwa Mombasa na hajawahi kuingia ndani ya Forti? Msione haya. Mwaona mikono hiyo? Hao ndio watu wa kwanza wa kuchorewa bango. Sio mtu wa Haymarket. Mtoto wa Likoni, mtoto wa Changamwe, mama wa Nairobi anayeshuka Miritini na treni ile mpya iliyoanza 2017, ana mikoba miwili na watoto watatu, na hajui aanzie wapi. Waingereza walifanya hivyo, na 1938 walipopitisha sheria ya likizo ya malipo wafanyakazi wengi zaidi wakapata na siku za kwenda. Walikuwa na kapicha ndani ya behewa lenyewe, chini ya rafu ya mizigo juu ya vichwa vya abiria, kila chumba kina picha za miji, mtoto anakaa saa nne anaitazama picha ya mji asioufahamu, na ule mji waingia moyoni mwake na hakuna aliyemshurutisha. Hiyo ni kazi ya bei rahisi sana na yawezekana hata kesho.

Tatizo letu tukianza tutataka kuweka vyote. Forti, ngalawa, mlango wa kuchongwa, biriani, pembe za Moi Avenue, taarabu, jua linazama. Mimi nawaomba kitu kimoja. Kila mmoja achague chake, tubishane, lakini kwenye karatasi kiwe kimoja.

Changu mimi ni mnara wa msikiti wa Mandhry. Wahesabu ni wa 1570, na mwapita chini yake kila siku mwende sokoni. Mnara mweupe, umenenepa chini wakonda juu kama kidole. Nimeutazama saa zote. Asubuhi haufai, jua lapiga kutoka baharini na weupe wote wawa mmoja, hakuna umbo. Saa kumi alasiri ndio saa yake, kivuli chaushika upande mmoja kuanzia chini hadi juu, na waona kwamba haukunyooka sawasawa kama uliopimwa kwa mashine, una kajitumbo kidogo pale katikati palipopakwa chokaa juu ya chokaa mwaka baada ya mwaka na mikono ya watu tofauti. Hicho kitumbo ndicho ninachotaka kukichora. Kwa rangi tatu tu. Buluu ya mbingu, rangi ya chai ya kivuli, na nyeusi ya herufi. Mnara wenyewe sitaupaka kitu, mnara utakuwa ni karatasi. Maneno yatakuwa moja, Mombasa. Hakuna gari, hakuna simba, hakuna namba ya simu.

Kwa hivyo kesho baada ya swala ya asri nitakuwa pale ng'ambo ya njia, kwenye baraza, mkabala na msikiti. Mzee mwenye baraza nimeshamuomba amekubali, kasema tusizuie mlango tu. Karatasi nitaleta mimi, nimepata za kutosha watu thelathini, penseli kila mtu aje na yake, na aje na kitu cha kukalia maana saruji ile ni moto. Watoto waje pia. Tutakaa mpaka magharibi, hatutachora kwa simu, tutachora tunachokiona. Sasa vijana kunjeni hilo la York taratibu, lirudisheni kwenye mrija wake. Ahsanteni sana.